Mchanga wa Kwale na mstari wa bekereli kumi

Shehena ya kwanza ya mchanga wa madini wa Kwale iliondoka Likoni mwezi Februari 2014, na uchimbaji ukasimama Desemba 2024. Katika miaka hiyo karibu kumi na moja malori yalitoka mgodini Maumba na Nguluku, yakashika barabara kuu ya Lunga Lunga, yakapita Ukunda, Tiwi na Ng'ombeni, yakamwaga mzigo kwenye ghala la Base Titanium, kampuni iliyoendesha mgodi huo, kando ya maji pale Likoni. Mchanga huo ulitoa madini matatu: ilmenaiti na rutili, yanayobeba titani, na zirkoni, inayotumika kwenye vigae. Kwa miaka mizuri ilmenaiti peke yake ilizidi tani 400,000 kwa mwaka, rutili ikakaribia 90,000, na zirkoni ikawa kati ya 30,000 na 40,000. Ilmenaiti na rutili zilipakiwa wazi ndani ya matumbo ya meli. Zirkoni, pamoja na sehemu ya rutili, ilitiwa kwenye makontena na kusafirishwa kupitia bandari ya makontena ya Mombasa.

Madini haya yote yana urani na thori, metali mbili zenye mionzi, ndani yake. Kiasi ni kidogo, lakini kipo, na kinapimika. Hata hivyo mzigo wa aina hii hauhitaji ile alama ya manjano ya mionzi kwenye tela, hauhitaji dereva mwenye mafunzo ya bidhaa hatari, wala hauhitaji kuorodheshwa melini kama shehena ya kundi la 7, lile la vitu vyenye mionzi. Kisa ninachotaka kukichambua ni hicho: mzigo wenye mionzi unapitaje katikati ya miji bila kanuni za usafirishaji wa vitu vyenye mionzi kuugusa? Na je, ni sawa?

Jibu langu ni kwamba ni sawa, kisheria na kisayansi, ila kwa sharti moja ambalo mara nyingi husahaulika. Mzigo husamehewa kwa sababu ya namba, na namba hiyo ni ya bidhaa fulani, ya mwaka fulani, kutoka eneo fulani la mgodi. Bidhaa ikibadilika, msamaha nao unapaswa kuombwa upya. Udhibiti mzuri wa usafirishaji wa madini yenye mionzi ya asili, kwa maoni yangu, unaanza na ile mizigo ambayo kanuni zinasema hazihusiki nayo.

Watu wa Kwale waliliuliza swali la mionzi mapema, tangu Tiomin, kampuni ya Kanada, ilipoanza kuutafuta mchanga huu miaka ya 1990. Lilikuwa swali la haki kabisa. Madini mazito ya mchanga wa pwani hubeba urani na thori kila yanapochimbwa, iwe Australia Magharibi, Kerala, Richards Bay au Moma kule Msumbiji. Fuwele ya zirkoni inapojijenga ndani ya mwamba wa moto, atomu chache za urani na thori huingia mahali pa atomu za zirkoni na kubaki humo mamilioni ya miaka. Kumwambia mkazi wa Tiwi kwamba mionzi hiyo "ni ya asili tu" hakumsaidii, maana hata gesi ya radoni ni ya asili, na inasababisha saratani ya mapafu. Mkazi huyo anastahili kuambiwa ni kiasi gani, na kiasi hicho kinamaanisha nini kwake.

Mizani mbili kwa mzigo mmoja

Bekereli moja ni kiini kimoja cha atomu kinachovunjika katika sekunde moja. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, limeweka mistari miwili inayohusu madini kama haya, na watu wengi huichanganya.

Mstari wa kwanza ni wa mahali pa kazi. Mgodi au kinu kinachoshughulikia malighafi yenye zaidi ya bekereli 1 ya urani au thori kwa gramu kinatakiwa kumjulisha mdhibiti, kupima, na kuonyesha wafanyakazi wanapokea dozi gani. Mstari wa pili ni wa usafirishaji. Humo, thamani ya msingi kwa urani asili na thori asili ni hiyohiyo bekereli 1 kwa gramu, ila madini na vitu vya asili hupewa nafasi mara kumi. Kwa hiyo mzigo wa mchanga wa madini wenye bekereli 10 kwa gramu au pungufu uko nje ya kanuni za usafirishaji, na unaposafiri baharini hauhesabiwi kuwa wa kundi la 7.

Kwa hiyo zirkoni yenye bekereli 4 kwa gramu inadhibitiwa ikiwa ndani ya uzio wa kinu, lakini ikitoka getini juu ya lori haidhibitiwi tena. Ukisikia hivyo mara ya kwanza unaweza kudhani kuna mtu amepewa upendeleo, ila sababu yenyewe ina mashiko. Mionzi ya gama hupungua kadiri unavyosogea mbali, na dozi ni zao la nguvu ya mionzi na muda. Mfanyakazi wa ghala husimama pembeni ya rundo zamu nzima. Dereva yuko mbele, ndani ya chumba chake, mita kadhaa kutoka katikati ya mzigo, akitenganishwa nao na chuma. Mama anayeuza mihogo kando ya barabara Ng'ombeni hupitiwa na lori kwa sekunde chache.

Tuiweke kwenye hesabu. Dozi ya mionzi hupimwa kwa siverti: maikrosiverti 1,000 ni milisiverti moja. Karibu kabisa na rundo kubwa la zirkoni, kipimo kinaweza kufika maikrosiverti 1 au 2 kwa saa. Mtu akikaa hapo saa 2,000 kwa mwaka kwa kiwango cha maikrosiverti 1, anapata milisiverti 2. Kikomo cha mwananchi kwa mwaka ni milisiverti 1 juu ya kile anachopokea kutoka ardhini na angani. Kikomo cha mfanyakazi aliyesajiliwa kwa kazi za mionzi ni wastani wa 20. Duniani kote binadamu wa kawaida hupokea kama milisiverti 2.4 kwa mwaka kutoka vyanzo vya asili. Kwa hiyo kuli wa ghala anahitaji kufuatiliwa, akaelezwa, akazungushwa kazini. Dereva, kwa mzigo uleule, yuko chini sana ya hapo. Na mpita njia dozi yake haiwezi hata kutenganishwa na ile anayoipata kwa kuishi tu.

Hapo ndipo ninapoona shimo la kwanza, na liko ghalani kuliko barabarani. Kanuni za usafirishaji zinahesabu pia kuhifadhi mzigo njiani kuwa sehemu ya safari. Ghala la bandarini ambamo mchanga hukaa hadi meli ifike ni safari au ni mahali pa kazi? Likihesabiwa safari, wafanyakazi wake wanaangukia upande wa mstari wa 10 na hakuna anayewapima. Likihesabiwa mahali pa kazi, wanaongozwa na mstari wa 1. Mdhibiti hapaswi kuiacha tafsiri hii kwa mwenye mzigo. Ghala lolote ambalo rundo halikauki humo kwa mwaka mzima, hata kama punje zenyewe hubadilika, ni mahali pa kazi, na kibali chake kiandikwe hivyo.

Mdhibiti kwa Kenya ni Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, KNRA, iliyoundwa na Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019. Kabla yake kulikuwa na Bodi ya Kinga dhidi ya Mionzi, chini ya sheria ya miaka ya 1980. Maana yake ni kwamba mradi wa Kwale ulianza kupakia meli chini ya chombo kimoja na kufungwa chini ya kingine, na katikati yake ikapitishwa pia Sheria ya Madini ya 2016. Kumbukumbu za vipimo vya mradi wa namna hii lazima zivuke mipaka hiyo ya kitaasisi zikiwa kamili, maana hesabu ya dozi ya mfanyakazi haianzi upya kwa sababu bodi imebadilika jina.

Kusoma cheti cha maabara

Ngoja nikae kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo kesi nyingi za aina hii hukwama.

Mnunuzi wa zirkoni, tuseme kiwanda cha vigae, anapewa cheti cha maabara chenye mistari ya zirkoni, titani, chuma, alumini, na chini kabisa mstari mmoja unaosema: urani na thori, gramu kadhaa kwa tani. Sokoni, zirkoni nzuri inatakiwa isizidi kama gramu 500 kwa tani kwa jumla ya vyote viwili. Cheti hicho kimeandikwa kwa ajili ya mfinyanzi, hakikuandikwa kwa ajili ya mdhibiti, na kinaficha jambo moja: gramu ya urani na gramu ya thori hazilingani. Gramu moja ya urani ina bekereli kama 12,400. Gramu moja ya thori ina kama 4,060. Urani ni karibu mara tatu.

Chukua mfano wa zirkoni yenye gramu 250 za urani na gramu 150 za thori kwa tani. Urani inatoa bekereli 3.1 kwa kila gramu ya mchanga, thori inatoa 0.6. Jumla ni 3.7. Iko chini ya 10, imesamehewa. Hata ile zirkoni iliyofika ukomo wa soko, gramu 500, kama zote zingekuwa urani tupu, ingefika 6.2 tu. Kwa hiyo zirkoni safi ya daraja la juu haivuki mstari wa usafirishaji, na ilmenaiti na rutili kwa kawaida ziko chini yake zaidi.

Sasa mpe mchanga huohuo fundi wa maabara nyingine ambaye hajui unapimwa kwa ajili ya kanuni gani. Urani haivunjiki mara moja ikaisha. Inazaa vizazi, kimoja baada ya kingine, radiumu na radoni zikiwemo, hadi kufikia risasi iliyotulia. Mnyororo wake una hatua 14 zenye mionzi. Wa thori una kama 10. Katika madini ya zamani ambayo hayajachokorwa na kemikali, kila kizazi kina bekereli sawa na mzazi wake. Fundi akijumlisha vyote, 3.1 mara 14 ni 43.4, na 0.6 mara 10 ni 6. Anaandika: jumla ya mionzi ni bekereli 49 kwa gramu. Hajakosea hata kidogo. Lakini afisa wa bandari mwenye kanuni mkononi anaona 49, anaona kikomo ni 10, na kontena linazuiwa.

Kanuni zinakusudia mzazi pekee, urani 238 na thori 232, kwa sababu thamani ya bekereli 1 tayari imebeba vizazi vyote ndani yake. Kwa hiyo agizo la kwanza ambalo ningeliweka katika kibali chochote cha usafirishaji wa madini haya ni kwamba cheti kiandikwe kwa bekereli kwa gramu za mzazi, urani kivyake na thori kivyake, na kiseme wazi kama vizazi viko sawa na mzazi au la. Hiyo "au la" ina uzito. Madini yaliyochomwa kwa joto kali au kuoshwa kwa tindikali yanaweza kupoteza baadhi ya vizazi na kubaki na vingine, na hapo hesabu inabidi ifanywe kwa kila kimoja. Mchanga wa Kwale haukufanyiwa hayo. Ulitenganishwa kwa maji, sumaku na umeme tuli, njia ambazo hazigusi ndani ya fuwele.

Lori likipinduka

Tuchukue hali ambayo kila mkazi wa barabara ile aliwahi kuiwaza. Lori limepinduka, mchanga umemwagika hadi kwenye mtaro, watu wamekusanyika.

Kwa mzigo ulio chini ya mstari, hakuna haja ya kuhamisha watu wala kufunga barabara kwa sababu ya mionzi. Mchanga hunyunyiziwa maji usitimke vumbi, huzolewa kwa koleo, wazoaji huvaa barakoa kama ambavyo wangevaa kwa vumbi lolote la mchanga, kisha mahali panapitiwa na kipima mionzi kuhakikisha rundo halikubaki. Zirkoni pia haiachii radoni nyingi, kwa sababu gesi hiyo hunaswa ndani ya fuwele.

Ila kuna kosa moja ambalo lisikubaliwe: mchanga usiende nyumbani. Barani Ulaya vifaa vya ujenzi hupimwa kwa faharasa inayogawanya radiumu kwa 300 na thori kwa 200, zote kwa bekereli kwa kilo, na kujumlisha pia potasiamu. Ikizidi 1, inabidi kuchunguza zaidi kabla ya kujengea. Ile zirkoni yetu ya mfano ina bekereli 3,100 za radiumu na 600 za thori kwa kilo. Faharasa yake inapita 13. Mchanga uleule ambao hauna neno ukipita barabarani haufai kabisa kuwa sakafu ya chumba ambamo mtoto analala usiku kucha kwa miaka ishirini. Msamaha wa usafirishaji ulihesabiwa kwa saa za safari, haukuhesabiwa kwa maisha ya mtu ndani ya nyumba, na tofauti hiyo ielezwe kwa Kiswahili na Kidigo barazani kabla ya lori la kwanza kutoka. Chifu na mzee wa mtaa wakiijua, hakuna atakayehitaji kuwatisha watu, na hakuna atakayejaza karai.

Geti linalolia

Bandari nyingi kubwa sasa zina mageti ya kupima mionzi. Yaliwekwa kukamata magendo ya nyuklia, na hayajui kanuni ya bekereli 10. Geti linalia mzigo ukizidi hali ya kawaida ya mahali pale kwa kiasi fulani, basi. Linalia kwa vigae, mbolea, graniti, hata udongo wa kinyesi cha paka. Kontena la zirkoni, lenye tani ishirini na kitu za fuwele zenye urani, lina kila sababu ya kuliza geti, ingawa kisheria halina kosa lolote.

Hapo mwenye mzigo uliosamehewa anajikuta hana karatasi. Mzigo wa kundi la 7 una kila hati: tamko la msafirishaji, namba ya UN inayotambulisha bidhaa hatari, vipimo vya uso wa kontena. Mzigo uliosamehewa hauna lolote, kwa kuwa hakuna aliyeambiwa aandike. Wakala wa forodha anabaki kueleza kwa simu kwamba hii ni zirkoni tu. Mwenye meli, ambaye hana haja ya kujifunza fizikia, anaona ni rahisi zaidi kukataa. Kukataliwa kwa mizigo yenye mionzi kumekuwa tatizo kubwa kiasi kwamba mwaka 2006 IAEA iliunda kamati ya kimataifa ya kulishughulikia.

Dawa yake ni ya bei ndogo. Mdhibiti wa nchi inakotoka shehena atoe barua ya ukurasa mmoja kwa kila bidhaa: jina la madini, urani kiasi gani, thori kiasi gani, kipimo cha gama kwenye uso wa kontena, na kauli kwamba mzigo uko nje ya kanuni kwa kifungu kadhaa. Barua iwe na tarehe ya mwisho. Mwenye mgodi ailipie.

Upande wa pili wa mstari

Ili kuelewa Kwale ilikuwa wapi, iweke pembeni ya koltani inayotoka Kivu na Rwanda kwenda baharini kupitia Dar es Salaam na Mombasa. Tantalaiti, madini yaliyomo ndani ya koltani, hubeba urani zaidi, na mkusanyiko wake mara nyingi hukaa juu ya bekereli 10 kwa gramu. Oksidi ya urani ikifika asilimia 0.1 tu, mzigo tayari uko kwenye 10.5. Ukivuka hapo, kila kitu kinabadilika: namba ya UN 2912, kifungashio cha viwandani cha daraja la kwanza, bango la mionzi pande zote za kontena, mpango wa kinga, vituo vya mpakani vyenye kujua la kufanya. Kifungashio chenyewe si taabu, maana ngoma nzuri ya chuma au mfuko imara ndani ya kontena unaweza kutosha. Taabu ni kupata meli itakayokubali.

Kwa hiyo mfanyabiashara yeyote ana sababu ya fedha ya kutaka namba yake isome 9.8 kuliko 10.2. Anaweza kuchanganya magunia, au kuchagua sampuli. Mdhibiti anayetegemea sampuli iliyoletwa na mwenye mzigo kwenye mfuko mdogo amekwisha shindwa kabla ya kuanza. Sampuli ichukuliwe na mkaguzi, kutoka magunia kadhaa, yakiwa yamefungwa tayari kusafiri. Kuchanganya nako kuwekewe sheria: ikiwa mzigo mzima umechanganywa sawasawa kinuni na hesabu inakubali, sawa, ikiwa gunia moja lina 30 na mengine 4 ndani ya kontena moja, wastani wa karatasi haumlindi anayelibeba lile la 30.

Sasa rudi Kwale, maana kuna sehemu ya kisa ambayo ilikuwa karibu na mstari kuliko malori ya ilmenaiti. Ndani ya mchanga huu mna pia monazaiti kidogo, fosfati ya madini adimu inayobeba thori. Kinu kinapoitoa zirkoni safi, monazaiti hubaki kwenye mabaki. Base Titanium baadaye ilianza pia kuuza zirkoni ya daraja la chini, iliyopatikana kwa kuchakata mabaki ya kinu. Ni jambo zuri kiuchumi, kwani kilichokuwa taka kikawa dola. Kwa mdhibiti, hata hivyo, hiyo ni bidhaa mpya, iliyotoka kwenye rundo ambamo thori hujikusanya.

Hesabu ni kali. Monazaiti yenye thori asilimia 6 na urani asilimia 0.3 ina bekereli kama 280 kwa gramu. Chukua zirkoni yenye bekereli 4, changanya na monazaiti asilimia 2 tu kwa uzito: unapata 9.5. Asilimia 2.5, umepita 10. Nusu asilimia ya punje za manjano, ambazo hata jicho la mzoefu halizioni kwenye kiganja, ndiyo inayotenganisha mzigo wa kawaida na mzigo wa kundi la 7. Sidai kwamba shehena yoyote ya Kwale ilivuka. Ninachosema ni kwamba cheti cha zirkoni safi hakisemi lolote kuhusu zirkoni ya daraja la chini, na kwamba mgodi ulipohama kutoka tuta la Kati kwenda tuta la Kusini mwaka 2019, kisha Bumamani miaka ya mwisho, kila uhamisho ulikuwa sababu tosha ya kupima upya. Kibali kinachosema "mchanga wa madini kutoka Kwale" bila kutaja bidhaa na tuta ni kipana mno.

Na mabaki yenyewe? Desturi ya migodi ya mchanga ni kuyachanganya tena na mchanga mwingi mwepesi kabla ya kuyafukia, ili monazaiti irudi kwenye kiwango kisichozidi ilivyokuwa ardhini. Yakibaki hivyo, hayana shida ya usafirishaji kwa sababu hayasafiri. Siku mtu atakapokuja na bei nzuri ya madini adimu na kutaka kuyafukua, hilo liwe ombi jipya kabisa, lenye vipimo vipya. Kibali cha zamani kisifufuliwe.

Siku hiyo haiko mbali kama inavyodhaniwa. Oktoba 2024 Base Resources, kampuni mama ya Base Titanium, ilinunuliwa na Energy Fuels ya Marekani, yenye kinu cha White Mesa jimbo la Utah ambacho huchukua monazaiti na kutoa humo madini adimu na urani. Kilichowavutia hasa ni mradi wa Toliara kusini magharibi mwa Madagaska, ambao serikali ya nchi hiyo iliondoa zuio lake mwezi Novemba mwaka huohuo. Monazaiti ya Toliara inakusudiwa kupelekwa Utah. Huo utakuwa mzigo wa kundi la 7 tangu gunia la kwanza, utavuka bahari mbili na barabara za nchi mbili, na utaendeshwa na kampuni ambayo uzoefu wake wa kusafirisha mchanga wa madini uliotoka Kwale ulijengwa juu ya mzigo uliosamehewa. Wahandisi wa Kenya waliofunzwa Maumba watakuwamo katika kazi hiyo, na nawatakia heri. Lakini waende na wazo kwamba wanaanza kitu kingine.

Hapa nyumbani kuna Mrima, kilima cha upande wa Lunga Lunga chenye metali ya niobi, madini adimu na thori nyingi kuliko udongo wa kawaida. Leseni ya Cortec, kampuni iliyotaka kuchimba humo, ilifutwa mwaka 2013, na dai lake likatupwa na mahakama ya usuluhishi ya kimataifa mwaka 2018. Wawekezaji wengine watakuja, kama si wiki hii basi muongo huu. Mkusanyiko wa madini adimu hubeba thori pamoja nao, na namba yake haiwezi kukisiwa kutoka barabarani. Kwa Mrima, KNRA inaweza kufanya mambo matatu kabla hata ya leseni ya uchimbaji kujadiliwa: kuchukua sampuli zake yenyewe na kutangaza bekereli za urani na thori kwa Kiswahili, kuamua mapema ghala la bandarini litahesabiwa nini, na kuwapa polisi wa trafiki na zimamoto wa Kwale vipima mionzi na siku chache za mafunzo, gharama zikiingia kwenye ada ya kibali. Barabara itakayotumika ni ileile inayopita Ukunda, Tiwi na Ng'ombeni, na safari hii lori linaweza kuhitaji bango.